Kuwa Mwalimu wa Elimu Maalumu kwa Watoto Wanaobalehe: Mwongozo Kamili Kutoka Tanga

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu haitulii. Anapiga kijana ambaye namba yangu kapewa na shangazi yake: "Shikamoo mwalimu. Nataka kusomea elimu maalumu. Nina huruma sana na wale watoto." Jibu langu ni moja. Njoo Jumatatu saa moja kasoro robo asubuhi, na uvae viatu unavyoweza kukimbia navyo. Nusu yao hawaji. Waliokuja, wengine leo ni walimu wenzangu.

Mwongozo huu ni kwa yule anayetaka kufundisha watoto wenye ulemavu wa miaka 10 hadi 16 hivi, yaani darasa la tano mpaka kidato cha pili. Wadogo wana watetezi wengi. Mtoto wa miaka sita mwenye mtindio wa ubongo hubebwa, hupigwa picha, huletewa zawadi. Akifika 13, ameota ndevu mbili tatu na sauti imekuwa nzito, wale wageni hawaonekani tena. Hapo ndipo majina huanza kupungua kwenye daftari la mahudhurio. Kazi utakayoajiriwa kuifanya, hata kama barua ya ajira haitasema hivyo, ni kuzuia majina yasipungue.

Hatua ya 1: Kaa darasani kabla hujajaza fomu yoyote

Omba siku tatu za kukaa nyuma ya darasa. Andika barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, ipitie kwa afisa elimu, uambatanishe utambulisho wa serikali yako ya mtaa. Ukiwa hapa mjini, Shule ya Msingi Pongwe, kwenye njia ya kwenda Muheza, ina wanafunzi wasioona na wenye ualbino. Ukiweza kupanda milima, Lushoto kuna shule ya wasioona ya Irente. Ukifika shuleni, simu iache mfukoni. Watoto hawa wamepigwa picha za kutosha.

Usimwangalie mwalimu sana. Angalia saa nne, kengele ya mapumziko ikilia. Nani anatoka kucheza na wenzake wa madarasa ya kawaida, nani anabaki amekaa chini ya mwembe peke yake, nani anasubiri kupelekwa chooni na hakuna wa kumpeleka? Dakika 30 hizo zitakuonyesha shule hiyo ilivyo kuliko maelezo ya mwalimu mkuu.

Kisha jiulize swali ambalo hakuna chuo kitakachokuuliza: unaweza kurudia jambo lile lile mara 60 bila sauti yako kubadilika? Huruma huisha kwenye mara ya tano.

Hatua ya 2: Chagua eneo, na ulichague kwa tabia yako

Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo nitakaa kidogo. Elimu maalumu si kitu kimoja. Kwa kawaida utasomea eneo mojawapo kati ya uoni, uziwi na ulemavu wa akili, na eneo hilo ndilo litakaloamua upangiwe shule gani na uamke na kazi gani kila siku.

Ukichukua uoni, utaishi na nukta nundu, maandishi ya vinundu ambayo asiyeona huyasoma kwa vidole. Kila herufi hutengenezwa ndani ya kisanduku chenye nafasi sita: 1, 2, 3 zikishuka upande wa kushoto, 4, 5, 6 upande wa kulia. Chukua jina Ali. A ni nukta ya 1 peke yake. L ni 1, 2 na 3, mstari mzima wa kushoto. I ni 2 na 4. Kwenye mashine ya Perkins, ya kuandikia nukta nundu, kuna vitufe sita na kitufe cha nafasi katikati. Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto ndicho nukta ya 1, cha kati ni 2, cha pete ni 3, na mkono wa kulia vivyo hivyo kwa 4, 5 na 6. Mtoto akiandika L hubonyeza vidole vyote vitatu vya kushoto kwa pamoja. Akivibonyeza kimoja kimoja, mashine husogea na anapata herufi tatu za upuuzi. Pale pasipo na mashine anatumia kibao na sindano, na huandika kutoka kulia kwenda kushoto kwa sababu nukta hutokeza upande wa pili wa karatasi. Mtu mwenye subira ya mshona vikoi atalipenda eneo hili. Mwenye haraka litamtesa. Na jiandae kuzisoma nukta kwa macho kwanza. Vidole vyako vitachelewa miaka mingi nyuma ya vidole vya wanafunzi wako, na watakucheka.

Ukichukua uziwi, unajifunza Lugha ya Alama ya Tanzania, na narudia neno *lugha*. Si Kiswahili cha mikono. Ina mpangilio wake wa sentensi, na uso wako ni sehemu ya sarufi. Mwaka wangu wa kwanza nilifundisha wiki nzima nikiwa nimesimama mbele ya dirisha, jua la asubuhi nyuma yangu, huku nikijiona hodari. Watoto walikuwa wanaona kivuli cheusi kinachopunga mikono. Binti mmoja aliinuka, akanishika mkono, akanisogeza hadi kwenye ukuta, akarudi kukaa. Hakusema chochote kwa alama wala kwa sauti. Jina lao la alama kwangu, ambalo viziwi ndio hukupa na hulichagui wewe, ni ishara ya mtu anayepandisha miwani puani.

Ulemavu wa akili na usonji ndio eneo lenye uhitaji mkubwa na sifa ndogo. Hakuna mtoto wako atakayetajwa kwenye mbao za matokeo. Ushindi wako ni mvulana wa miaka 14 aliyefunga vifungo vya shati mwenyewe, na ushindi huo ni wewe na mama yake tu mnaoujua. Kama unahitaji kupigiwa makofi, usije huku.

Hatua ya 3: Chuo

Kwa stashahada, jina la kwanza nchini ni Chuo cha Ualimu Patandi, wilaya ya Arumeru mkoani Arusha, ambacho kazi yake ni elimu maalumu. Sifa za kujiunga hutangazwa na Wizara ya Elimu kila mwaka na hubadilika, kwa hiyo soma tangazo la mwaka wako, usimsikilize binamu aliyesoma zamani.

Kwa shahada, Chuo Kikuu cha Dodoma kinatoa elimu maalumu, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kinamfaa aliyeko kazini kwa sababu kina vituo mikoani, Tanga ikiwemo. Hapa mkoani kwetu, Chuo Kikuu cha Kumbukumbu ya Sebastian Kolowa kule Magamba, Lushoto, kilijijengea jina kwa fani hii hii. Chuo chochote utakachokichagua, fungua kwanza kitabu cha udahili cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) cha mwaka huo uone kama kozi yenyewe imo, ndipo ulipe chochote. Kiwango cha chini cha jumla kwa aliyemaliza kidato cha sita kuanzia 2016 ni ufaulu wa masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0. Kwa mwenye stashahada, wastani wa 3.0. Kozi nyingine huongeza masharti yake.

Anayesomea shahada atasoma pia masomo mawili ya kufundishia, au moja. Ushauri wangu: kama unataka watoto wa kidato cha kwanza na cha pili, chukua Hisabati ikiwa unaiweza. Walimu wanaoweza kumfundisha asiyeona aljebra ni wachache mno, na mtoto asiyeona huambiwa mapema kwamba Hisabati si yake. Uongo mtupu. Abakasi, ile fremu ya shanga za kuhesabia, inatosha kuanzia.

Kama tayari ni mwalimu mwajiriwa, usifunge mizigo kabla ya kupata ruhusa ya masomo kwa maandishi, na hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nawajua watu waliokwenda kwa ruhusa ya mdomo, wakarudi na cheti kizuri na barua ya utoro kazini. Anayetoka shule moja kwa moja aombe mkopo Bodi ya Mikopo kwa wakati, fomu ikiwa na sahihi zote.

Kwenye mazoezi ya kufundisha, usichague shule iliyo karibu na nyumbani kwenu. Chagua yenye kitengo kinachofanya kazi na mwalimu mkali. Wiki hizo ni fupi, na ndiyo mara ya mwisho mtu kukaa nyuma ya darasa lako akuandikie makosa bila kukukata mshahara.

Hatua ya 4: Ajira

Nafasi za serikali huombwa kwa mtandao kupitia mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, na siku hizi walimu nao hufanyiwa usaili. Weka tayari vyeti vyote, cheti cha kuzaliwa na namba ya NIDA. Kama cheti kimoja kinasema Mwanaisha na kingine Mwanaasha, nenda kwa wakili ukaape sasa, usingoje tangazo litoke. Kozi yako ya elimu maalumu iandike kama ilivyo kwenye cheti, neno kwa neno.

Mshahara ni ule ule wa ngazi za walimu: TGTS B kwa cheti, C kwa stashahada, D kwa shahada. Usipange maisha yako kwa kutegemea posho ya kufundisha watoto maalumu.

Ukipangiwa shule, uliza maswali mawili kabla hujatafuta chumba: kitengo kina walimu wangapi, na vifaa viko wapi. Nimewahi kuripoti mahali ambapo mashine nne za nukta nundu zilikuwa zimefungiwa stoo, ufunguo uko kwa mtu aliyehama, na watoto wanaandika kwa misumari. Ilichukua muhula mzima na barua tatu. Sahihisha daftari la vifaa siku ya kwanza, lisainiwe, na ubaki na nakala.

Hatua ya 5: Wiki sita za mwanzo

Usifundishe kitu wiki ya kwanza. Angalia na uandike. Mfungulie kila mtoto faili lenye vitu vinne: anachoweza, anachokaribia kuweza, kinachomvuruga, na nani nyumbani anayemsikiliza. Safu ya kwanza isiwe tupu kwa mtoto yeyote. Ikiwa tupu, hujaangalia vizuri.

Kisha chagua lengo moja kwa kila mtoto, dogo mpaka ulionee haya, ulikate vipande. Nitakupa moja nililolifanya. Mvulana wa miaka 13, mwenye ulemavu wa akili. Lengo: anunue mihogo ya shilingi 300 kwa sarafu ya 500 na arudi na 200. Vipande: achukue sarafu sahihi kati ya tatu, aseme "mihogo ya mia tatu", atoe, asubiri mkono ukiwa wazi, aangalie alichopewa, aondoke. Nilidhani kigumu kitakuwa kuzitambua sarafu. Wapi! Sarafu alizijua siku ya pili. Kigumu kilikuwa kusubiri. Alikuwa anatoa hela na kugeuka, miguu inakimbilia kwa wenzake. Wiki tatu tulifanya kipande hicho kimoja tu, mimi nikiwa muuza mihogo. Faili linasema: *Jumanne, alisubiri mara 1 kati ya 5. Alhamisi, mara 1. Jumatatu, mara 3.* Ndipo tukaenda kwa muuza mihogo wa kweli nje ya geti, nikiwa nimempanga. Yule mama akajisahau, akampa chenji papo hapo bila kumsubirisha, tukarudi mwanzo.

Angalia nilivyoandika: namba na siku. "Anaendelea vizuri" si rekodi, ni salamu.

Mambo mengine ya darasani yapitie haraka lakini usiyasahau. Mtoto mwenye ualbino akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Macho yake yakichezacheza usidhani hakusikilizi. Kofia pana, mikono mirefu na losheni ya jua ni vifaa vya shule kama kalamu, hasa kwa jua letu la Januari. Mwenye kifafa akianguka, mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu, usimtie kijiko wala chochote mdomoni, na tazama saa. Ikipita dakika 5, hospitali. Kiziwi usimfundishe ukiwa umegeukia ubao.

Hatua ya 6: Balehe, jambo lisiloandikwa kwenye ratiba

Hili ndilo linalotutenga sisi na mwalimu wa watoto wadogo. Binti asiyeona atapata hedhi, na hatajua kama sketi imechafuka mpaka wavulana wacheke. Mfundishe kabla: namna ya kuiweka sodo kwa kupapasa, kuhesabu siku, kumwendea mtu mmoja anayemwamini. Tumia sodo halisi mkononi mwake, si maneno. Binti mwenye ulemavu wa akili mfundishe kwa vipande, kama ile mihogo. Kama wewe ni mwanamume, mtafute mwalimu wa kike au matroni ayafanye hayo, na wewe ushughulike na maji na mlango wa choo unaofungika kwa ndani.

Mvulana anayejishika mbele ya watu usimchape. Ana mwili wa miaka 14 na hakuna aliyemwambia kwamba kuna mambo ya chumbani. Mwambie kwa sentensi fupi, ile ile kila mara, na umpe mikono yake kazi. Na yule uliyezoea kumkumbatia akiwa darasa la tatu, sasa mpe mkono. Akizoea kukumbatia kila mtu, kesho atamkumbatia mtu mbaya.

Wafundishe wote kusema hapana kwa lugha waliyonayo: sauti, alama, au kusukuma. Ukiona dalili za mtoto kudhuriwa, usifanye kikao cha ukoo. Andika ulichokiona na saa, mwambie mkuu wa shule, nenda Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Namba ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116, na hailipiwi. Utapigiwa na wazee wakikuomba "tuyamalize kiungwana." Wasalimie kwa heshima zote, na uendelee na safari yako.

Hatua ya 7: Nyumbani kwao

Tanga ni mji wa baiskeli, nunua moja. Ziara zangu zote za Makorora, Mabawa na Ngamiani nimezifanya kwa miguu miwili ya kukanyaga, na mwalimu aliyefika kwa baiskeli huwa hatishi mtu.

Usiende na fomu mkononi. Nakumbuka nyumba moja, nimepiga hodi, nimekaribishwa ukumbini, bibi anachambua mchele.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kwa huyu? Huyu kichwa hakina kitu. Darasa la tano, jina lake haliandiki."

"Na madrasa anakwenda?"

"Madrasa anakwenda. Juzuu amma anayo yote kifuani."

"Anaisoma?"

"Aisome wapi! Anasikiliza wenziwe."

Mtoto aliyehifadhi juzuu nzima ya Kurani kwa masikio hana kichwa kitupu. Nilimwomba bibi aniletee msahafu wa mtoto. Kijana aliuinua mpaka ukagusa pua. Miaka mitano shuleni tulikuwa tumemwita mvivu, mimi nikiwa mmoja wao, naye alikuwa haoni ubao. Alipopimwa macho hospitali ya Bombo ikaonekana ni uoni hafifu ambao miwani ilisaidia kidogo tu. Maandishi makubwa yakasaidia zaidi. Tangu hapo kila nikifungua faili jipya namtafuta na ustadhi wa madrasa, au mwalimu wa kwaya, nimuulize mtoto anafanya nini kule.

Wakikwambia ni majini, usicheke wala usibishane. Sema: "Ya dua mwendelee nayo, na ya hospitali tuyafanye kesho asubuhi, mimi nitafuatana nanyi." Wengi hukubali. Na katika nyumba zetu za pwani, mwamuzi mara nyingi si baba aliyekupokea mlangoni, ni huyo bibi anayechambua mchele. Ongea naye.

Hatua ya 8: Mitihani na kinachofuata

Mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu huongezewa muda: dakika 20 kwa kila saa kwenye Hisabati na dakika 10 kwa kila saa kwenye masomo mengine. Asiyeona hupata karatasi ya nukta nundu na mwenye uoni hafifu maandishi yaliyokuzwa, lakini ni pale tu ulipomsajili kwa aina sahihi ya ulemavu. Kosa la kisanduku kimoja kwenye usajili humwachia mtoto karatasi asiyoweza kuisoma siku ya mtihani. Hakiki orodha mara mbili, ukiwa na mwenzako anayekusomea majina kwa sauti.

Sera ya elimu toleo la 2023 imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Kwetu maana yake ni kwamba mtoto wako atavuka kwenda sekondari akiwa mdogo zaidi, katika shule ambayo pengine haijawahi kumwona mwanafunzi kiziwi. Anza kuongea na shule hiyo mwaka mmoja kabla.

Ambaye hataendelea na masomo ya kawaida, usimwache arudi kukaa ukumbini. Wape mikono yao kazi za hapa hapa: ukili na mikeka, kamba za mkonge, bustani, kufua na kupiga pasi kwa malipo. Wengine wanaweza VETA wakisindikizwa vizuri. Na waambie wazazi kwamba katika mikopo ya halmashauri ya asilimia 10, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu, kijana akitimiza miaka 18.

Siku ya kumkabidhi, usitume faili kwa mzazi kwenye mfuko wa plastiki. Nenda nalo wewe. Mwombe mwalimu mpya dakika 15, umtambulishe mtoto kwa anachoweza kwanza, umwonyeshe anavyopenda kukaa na kinachomvuruga, na umwache mtoto mwenyewe aonyeshe choo kiko wapi, kwa sababu mlikuja wiki iliyopita kukitafuta pamoja. Namba yako ya simu iandike ukurasa wa kwanza, kwa kalamu ya wino. Muhula wa kwanza watakupigia mara nyingi, na mara nyingi itakuwa saa mbili usiku. Pokea.